Tobola

Mwalimu mkuu aliponiambia nitakwenda kwenye warsha ya siku tano ya kufundisha kwa miradi, nilirudi nyumbani nikaanza kujifundisha warsha yenyewe, ili nikifika nisikutwe sijui kitu. Nilitazama video kwenye simu mpaka bando langu likaisha, nikaazima la dada yangu, nalo likaisha. Nilijaza daftari zima. Kila kichwa cha habari nilikipigia mstari mwekundu kwa rula, na ukurasa ambao mstari ulipinda niliuchana nikauandika upya. Kufikia Jumapili jioni nilikuwa najua kila kitu kuhusu kujifunza kwa vitendo, isipokuwa vitendo.

Sikupita chuo cha ualimu, hilo niliseme mapema. Nilimaliza kidato cha sita, matokeo yakawa ya katikati, yasiyochekesha wala kuliza, nikaanza kujitolea kwenye shule moja ya msingi huko Buswelu, darasa la nne. Ninachokijua kuhusu kufundisha nimejiokotea: kwenye vitabu vya kuazima, kwenye simu, na kwa kuchungulia madirishani wenzangu wakifundisha. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake. Hajui ni kipi hasa ambacho hakufundishwa, kwa hiyo anaogopa vyote. Nilikuwa naandaa kipindi cha dakika arobaini kwa saa nne, na mtoto akiuliza swali ambalo sikuliandaa namwambia, "Tutalifikia." Hatukuwahi kulifikia.

Safari hii kulikuwa na sababu ya kuogopa zaidi. Mwalimu wa sayansi wa darasa la tano alikuwa anahama. Mwalimu mkuu wetu ni mama mtulivu ambaye hajawahi kupandisha sauti, na kwa sababu hiyo tunamwogopa kuliko wanaofoka. Aliniita ofisini akasema, "Hilo darasa nakufikiria wewe. Ijumaa nitakuja kwenye maonyesho ya mwisho nione mlichotengeneza. Nikishaona, nitaamua." Kupewa darasa la tano maana yake ni jina langu kuingia kwenye ratiba ya ukutani, na shule kunipeleka chuo wakati wa likizo nikapate cheti. Kutopewa maana yake ni kuendelea kujitolea, na kuendelea kuchungulia madirishani.

Warsha ilifanyika kwenye bwalo la shule moja Ilemela, juu ya mteremko, ambako ukisimama mlangoni unaliona ziwa kati ya mawe mawili makubwa, na ndege ikipita kwenda kutua kila mtu ananyamaza mpaka mngurumo uishe. Nilifika wa kwanza. Nilikuwa na kalamu nne za rangi, rula, kifutio, na lile daftari.

Mwezeshaji alikuwa dada wa umri wangu, amevaa raba zenye vumbi. Mezani kwake hapakuwa na makabrasha. Kulikuwa na mbao chakavu, wavu wa madirisha, misumari, vioo vilivyotolewa kwenye jengo bovu, na kapu tupu.

"Leo hakuna kuandika," alisema. "Kalamu zote ndani ya kapu."

Walimu thelathini tulitazamana kama tumeambiwa tupige vigelegele msibani. Kapu likapita. Nilitoa kalamu tatu. Ya nne niliisukumia ndani ya soksi, na nilishinda nayo siku nzima ikinichoma kifundo cha mguu, nisijue ningeitumia lini wala kwa ajili gani.

Tuligawanywa kwa vikundi vya watu watatu. Wenzangu walinizidi umri kwa mbali. Mmoja alikuwa mama wa makamo kutoka Bukoba, anafundisha hisabati hapa mjini, mnene wa sauti na mwepesi wa mikono. Mwingine alikuwa mwalimu wa Sengerema aliyekaribia kustaafu, Msukuma mwenye kicheko kinachoanzia tumboni, aliyevuka kila asubuhi kwa kivuko cha Kamanga na ambaye kila alasiri, hata akiwa katikati ya sentensi, alikuwa anaangalia saa ili asiachwe na kivuko.

"Wewe wa wapi?" mama aliniuliza.

"Mwanza."

"Hapa sote tuko Mwanza. Nauliza wa wapi."

"Wazazi ni wa Bukoba."

Akanimwagia Kihaya sentensi nne. Nilitabasamu. Akamgeukia mwalimu wa Sengerema. "Umeona? Katoka hivihivi. Kihaya hana, Kisukuma hana."

"Ana Kiswahili," alisema yule mzee. "Kalibu, mayu. Mayu ni mama, usije ukadhani nimekutukana. Huku kwetu hata binti tunamwita hivyo."

Kalibu. Hapo ndipo aibu yangu inapoanza, kwa sababu badala ya kufurahi kukaribishwa, nilisikia kalamu nyekundu kichwani mwangu ikipiga duara kwenye ile l. Hapa kwetu l na r hubadilishana viti bila kuombana ruhusa, na watu wazima wenye akili wameliacha jambo hilo lipite. Mimi sikuwa nimeliacha. Nilimhesabia makosa ya r siku nzima: habali, kalatasi, shelehe. Mtu aliyeingia darasani kabla sijazaliwa, nami namsahihisha kimoyomoyo, kalamu ikiwa kwenye soksi.

Kila kikundi kilitakiwa kichague tatizo la kweli la shule mojawapo na kulitengenezea kifaa. Mwalimu wa Sengerema hakufikiri sana. Shuleni kwake wazazi wanachangia viazi vitamu kwa ajili ya chakula cha mchana cha watoto. Wakati wa mavuno vinajaa stoo mpaka mlango haufungiki, miezi miwili baadaye vimeoza na watoto wanashinda na njaa.

"Si mnavikausha?" niliuliza.

"Tunavianika juu ya mawe. Mbuzi naye anajua saa ya chakula."

Mama wa Bukoba, ambaye kwao mambo ni ndizi, alitaka aelezwe hivyo viazi vikavu vinakuwaje. Mzee akaeleza kwa mikono. Ukimenya kiazi kibichi, ukakikata vipande na kukianika, hiyo ni michembe. Ukikichemsha kwanza ndipo ukakikata na kukianika, hayo ni matobolwa, ambayo ukimpa mtoto anatafuna kama biskuti na anasahau kulia.

"Tutatengeneza kasha la kukaushia," alisema. "Kioo juu, wavu katikati, mbuzi nje. Tuanze na michembe."

Mimi nilijitolea kuchora. Nilikuwa nimeomba kalamu moja kapuni kwa ajili hiyo, nikapewa kwa sharti la kuirudisha. Nilichora kasha kwa vipimo, pande zote, likionekana kwa mbele, kwa juu na kwa ubavu. Nilipoinua kichwa, wenzangu walikuwa wameshakata mbao mbili kwa kupimishia mkono wa mama.

"Mchoro wako mzuri," mama alisema. "Tutaulaza chini tukalie."

Kilichonishangaza siku zile mbili za kwanza si mbao, ni sisi walimu. Kila baada ya dakika chache mtu mzima mwenye mvi alikuwa anamfuata mwezeshaji na kipande chake mkononi: "Hivi ni sahihi?" Naye anajibu, "Sijui. Jaribu uone." Mwalimu mmoja wa kikundi cha jirani alikasirika kabisa. "Kama hujui, umetuitia nini?" Watu wakacheka, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake kwenye foleni, na kipande changu mkononi.

Jumanne nilikata ubao ukapinda. Nikaenda kuukata upya nyuma ya bwalo, ili nisionekane. Ukapinda upande wa pili. Nikaendelea kurekebisha kidogo hapa, kidogo pale, mpaka mwalimu wa Sengerema alipokuja kunitafuta akakuta ubao uliokuwa wa urefu wa mkono umebaki wa kiganja.

"Mayu, hiyo inakuwa mwiko."

"Nilikuwa nanyoosha, mwalimu."

"Umenyoosha mpaka umemaliza." Akauchukua ule mwiko, akauangalia kwa jicho moja, akasema utafaa kuwa kishikio cha mlango. Na ulifaa. Hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angeutupa.

Jumatano alasiri kasha lilikuwa limesimama kwa miguu minne, kioo juu kikiwa kimelala mshazari kulielekea jua. Mama wa Bukoba alikuwa ameshaondoka kwenda mazoezi ya kwaya. Mwalimu wa Sengerema alitazama saa yake, akaokota penseli, akaandika jambo haraka kwenye mbao sehemu mbili, mbele chini na nyuma juu, akavaa koti.

"Pale nilipoandika, malizia," alisema huku anatembea. "Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu."

Sentensi hiyo nimekuwa nikiitamka tangu darasa la kwanza, na sikumbuki siku ambayo ilikuwa kweli. Ninapoitamka huwa nina maana moja tu: tafadhali usiniulize tena.

Nilibaki peke yangu na kasha, na nakiri nilifurahi. Sasa ningeweza kulifanya lipendeze. Nilipiga msasa. Nikaona kwamba kati ya kioo na ubao wa nyuma mama alikuwa ameacha mwanya, na kwamba pembe mbili hazikukutana vizuri, ukiweka jicho unaona nje. Nikafikiri: kazi ya haraka hii, mwalimu mkuu wangu akiiona atasemaje? Nikachukua puti, ule ute mzito wa mafundi wa vioo, nikaziba. Niliziba kila mahali. Nilizunguka lile kasha nikitafuta mwanya kama mtu anayetafuta panya, na kila nilipoupata niliujaza, nikalainisha kwa kidole, nikarudia.

Halafu nikayafikia maandishi ya penseli. Kwa herufi za kulala, mbele na nyuma, alikuwa ameandika neno lilelile: TOBOLA. Pembeni yake alama ndogo ya kukata, kama X.

Niliyasoma nikatabasamu kwa huruma. Matobolwa, nilijiambia. Mzee amekusudia kuandika matobolwa, amekula mwanzo na kuvuruga mwisho, halafu mwenyewe ameona kakosea akapiga alama ya kukata. Alitaka nimalizie, yaani niandike lebo vizuri. Kwamba tulikuwa tumekubaliana kuanza na michembe halikunisumbua; pengine amebadili mawazo, nani ajuaye, na mimi si mtu wa kuuliza. Nilifuta maneno yote mawili kwa kifutio, taratibu, nisiache alama. Kisha nikakata karatasi nyeupe, nikapiga mistari, nikaandika kwa herufi kubwa MATOBOLWA, nikaifunika kwa selotepu isiharibiwe na jua, nikaibandika mbele. Kazi hiyo ilinichukua saa nzima kwa sababu karatasi ya kwanza W ilikuwa pana.

Nilienda nyumbani nikijiona mtu mwema. Nilikuwa nimemfichia mzee kosa lake la tahajia.

Alhamisi mwalimu wa Sengerema hakuja, alikuwa na mazishi upande wa kwao. Mimi na mama tulimenya viazi, tukakata vipande vyembamba, tukavipanga juu ya wavu, na kasha tukaliweka juu ya jiwe penye jua kali. Mama aliipapasa puti akasema, "Hili umelipaka kama ukuta wa benki," akaenda kuandaa maelezo ya bango. Saa nne ujumbe uliingia kwenye simu yangu kutoka kwa mzee: *Ulimaliza pale?* Nikajibu: *Ndiyo mwalimu, pamependeza sana.*

Kufikia saa sita kioo kilikuwa kimejaa matone kwa ndani. Nilifurahi mno. Maji yanatoka kwenye viazi, nilijiambia, yanaonekana kwa macho. Nilimwita mwezeshaji ili aone na aniambie kwamba ni sahihi.

Aliinama akatazama matone kwa muda mrefu. "Unafikiri hayo maji yataenda wapi?"

"Yanatoka," nilisema.

"Yanatoka kwenda wapi?"

"Yanatoka kwenye viazi."

"Aha," alisema, akaondoka.

Ningekuwa na akili, ile aha ingenitosha. Lakini nimejizoeza tangu utoto kutambua sauti ya mwalimu anayeridhika na sauti ya mwalimu anayekasirika, na ile haikuwa yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo sikuwa na pa kuiweka. Nikaamua kwamba amevutiwa.

Ijumaa walikuja walimu wakuu kama kumi, mwalimu mkuu wangu miongoni mwao, mkoba begani, mikono nyuma. Vikundi vilikuwa vinaonyesha kimoja baada ya kingine. Sisi tulikuwa wa nne. Mwalimu wa Sengerema aliingia tukiwa tumeshasimama mbele, anahema, kivuko kilichelewa. Alilisalimia kasha kabla ya kutusalimia sisi. Akasoma lebo. Akasoma tena. Akanitazama, nami nikampa tabasamu la mtu anayengojea asante.

Mama alitoa maelezo, akatamba kidogo, halafu akavuta kile kishikio nilichokinyoosha mpaka kikawa mwiko.

Harufu ilitoka kwanza. Ilikuwa harufu ya uji uliochacha kwenye sufuria iliyosahauliwa na kifuniko juu. Kisha tukaviona viazi. Havikuwa vimekauka. Vilikuwa vimejipika nusu kwa mvuke wao wenyewe, vikalegea, vikaota utelezi mweupe, na vingine vimepita kwenye matundu ya wavu vinaning'inia kama kamasi.

"Kumbe lebo haikukosea," alisema mwalimu mmoja kutoka nyuma. "Si michembe tena. Vimechemka vyenyewe."

Bwalo lilicheka. Mwalimu mkuu wangu hakucheka wala hakununa, alisogea mbele hatua mbili ili aone vizuri zaidi.

Mwalimu wa Sengerema alikuwa ameinama. Alipapasa ubao wa mbele kwa chini, akapapasa wa nyuma kwa juu, pale alipokuwa ameandika. Palikuwa laini kama shavu la mtoto.

"Hapa palitakiwa tundu," alisema polepole. "Hapa na hapa. Hewa kavu iingie chini, mvuke utokee juu." Alisimama wima. "Nilidhani niliandika."

"Mzee, kustaafu kumekaribia," mwalimu wa nyuma alisema. "Unaandika ndotoni."

Watu wakacheka tena, kicheko cha upendo tu, naye akacheka nao. Lakini nilimwona akigusa ubao mara ya pili kwa ncha za vidole, na uso wake ukawa wa mtu anayeanza kujihoji mwenyewe. Alikuwa anakumbuka kuandika na ubao unamwambia hakuandika.

Tobola. Toboa. Yaani l ile ya kwao ilikuwa imeingia katikati ya neno ikakaa, basi, hakuna zaidi. Neno lilikuwa na maana moja tu na kila mtu mle ndani angelielewa, isipokuwa msahihishaji. Na ile alama ya kukata ilikuwa inaonyesha mahali pa kuweka ncha ya drili.

Nataka kusema kwamba nilisema ukweli papo hapo. Sikusema. Nilisimama pale nikifanya hesabu. Hakuna aliyeona maandishi ila mimi. Nimeyafuta vizuri, mimi ni mtu wa kufuta vizuri. Mzee anastaafu, haimdhuru. Mimi nina darasa la tano, nina chuo cha likizo, na mwalimu mkuu yuko hatua tatu kutoka hapa. Mama wa Bukoba alikuwa ameanza kusema kwamba labda ni mawingu ya jana. Jana hapakuwa na wingu hata moja. Alikuwa ananiokoa bila kujua ananiokoa na nini.

Kisha mzee akamwambia mwezeshaji, "Andika ni kosa langu. Nilisahau kuwaelekeza vijana."

"Uliandika," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Uliandika, mwalimu. Nilifuta mimi."

"Ulifuta?"

"Uliandika tobola. Nilidhani umeshindwa kuandika matobolwa."

Mzee alinitazama, akatazama lebo yangu yenye W iliyopimwa kwa rula, na kile kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, mpaka akashika kasha asianguke. "Nimeshindwa kuandika," alisema huku anapangusa macho. "Mayu, nimefundisha kuandika darasa la kwanza miaka yote."

"Na nyufa nyingine zilizobaki niliziziba kwa puti," niliendelea, maana nikishaanza kukiri sijui kufunga bomba. "Na mwezeshaji aliponiuliza maji yanaenda wapi sikuelewa swali. Na Jumatatu nilificha kalamu kwenye soksi."

"Hiyo ya kalamu nilijua," mwezeshaji alisema. "Ulikuwa unachechemea." Alichukua drili ya mkono akaiweka mezani. "Haya. Mnafanyaje sasa?"

Tukatoboa, mbele ya wageni wote. Mzee alishika kasha, mimi nikazungusha drili. Tundu la kwanza lilitoka upande, si katikati ya alama. Mkono wangu ulitaka kuziba nianze upya, mzee akasema, "Liache. Hewa haijui katikati." Tukatoboa matatu mbele na matatu nyuma, tukafunika kwa vipande vya wavu. Tukavimwaga vile viazi, tukaweka vipya, tukalirudisha kasha juani, na maonyesho yakaendelea na vikundi vingine.

Baada ya chakula cha mchana nilitoka peke yangu kwenda kutazama. Matone yalikuwa yamejikusanya kwenye kioo, lakini yalikuwa yanapungua, kuanzia chini kupanda juu, kioo kikifunguka kama mtu anakifuta kwa kitambaa kisichoonekana. Nilikuwa nimesoma habari za hewa moto kupanda juu. Nilikuwa nimeziandika kwa rangi mbili. Niliwafundisha watoto wa darasa la nne, nikawapa jaribio, nikawasahihishia. Sikuwahi kuziona. Niliweka kiganja kwenye tundu la nyuma nikasikia pumzi ya joto, yenye unyevu, inatoka.

Mwalimu mkuu alikuja akasimama kando yangu. Nilimwamkia tena, ingawa nilishamwamkia asubuhi.

"Marahaba," alisema. Alitazama kioo. "Unajua, nina darasa moja pale shuleni, watoto wake hawanyooshi mikono. Nimepita dirishani mara nyingi. Mwalimu wao anafundisha vizuri, ubao wake msafi, hakosei kitu. Wanamwogopa kama mtihani."

Nikamsikitikia sana huyo mwalimu. Nilipitisha wenzangu mmoja mmoja kichwani nikijiuliza ni nani. Ilinichukua mpaka mwisho wa mteremko, wakati yeye ameshapanda gari lake, kukumbuka kwamba mtu anayependa ubao msafi pale shuleni ni mmoja.

Hakuwa ameniambia lolote kuhusu darasa la tano, ila hili tu: "Jumatatu kipindi cha tatu uingie wewe. Nitakaa nyuma."

Mwalimu wa Sengerema alinipa kasha nilibebe. Alisema yeye atatengeneza jingine na watoto wake, na kwamba lebo nisiibandue. Tuliagana getini. "Ukitaka kunisahihisha," alisema, "nipigie simu kabla ya kufuta." Akakimbilia kivuko.

Jumatatu niliingia darasa la tano na kasha kichwani, na kwa mara ya kwanza bila andalio la saa nne. Si kwamba nilikuwa nimepona. Nilikuwa nimeliandaa, nikalisahau mezani kwa woga. Mwalimu mkuu alikuwa ameshakaa nyuma. Niliwasimulia watoto habari yote, kuanzia soksi. Walicheka mpaka mlinzi akachungulia. Kisha nikawapa maboksi ya katoni, nailoni, wembe nikaushika mwenyewe, nikawaambia kila kundi litengeneze lake.

Hizo zilikuwa dakika ngumu kuliko warsha yote. Boksi la kundi la dirishani lilikuwa limepinda kiasi kwamba nilitaka kulinyang'anya nilinyooshe. Niliiweka mikono yangu nyuma, nikaishikanisha. Mvulana mmoja akanyoosha mkono. Halafu mwingine. Msichana wa kundi la dirishani alisimama na kipande cha selotepu.

"Mwalimu, hapa kwenye kona pana mwanya. Nizibe?"

Darasa zima likanitazama. Mwalimu mkuu naye akanitazama. Jibu nilikuwa nalo, kwa mara moja katika maisha yangu nilikuwa na jibu la uhakika ambalo nililinunua kwa aibu, na lilikuwa limenijaa mdomoni kama ugali wa moto.

"Sijui," nilisema. "Ukiziba itakuwaje?"

Alifikiri. "Nitaziba kona moja, nyingine niache," alisema. "Tuone."

Kengele ilipolia mwalimu mkuu alitoka wa kwanza. Nilikusanya maboksi, nikafuta ubao, na nilipofika chumba cha walimu nilimkuta amesimama mbele ya ratiba ya ukutani. Kwenye mstari wa darasa la tano, sayansi, alikuwa ameandika herufi za mwanzo za jina langu. Kwa penseli.

"Penseli, mwalimu?" nilisema kabla sijajizuia.

"Ya kujaribia," alisema. "Mpaka mwisho wa muhula. Tuone." Akanipa ile penseli, akaenda ofisini kwake.

Muhula bado haujaisha. Kila asubuhi napita pale kuhakikisha kwamba herufi zipo. Zimeandikwa haraka, moja imelala upande, na kalamu ya wino mweusi iko mezani, wazi, umbali wa mkono. Naziangalia, naweka mikono nyuma, naenda darasani.